Mkono wa Pili

Mashine haikuja Kitale kwa kuagizwa. Ilifika mwaka wa 1991 chini ya kiti cha pikapu iliyotumika kutoka Japani, imeviringishwa ndani ya taulo, na aliyeiona kwanza alikuwa Walubengo, fundi wa matrekta katika shamba moja la mahindi upande wa Endebess. Alikuwa amepewa kazi ya kuikagua pikapu hiyo kabla haijaanza kubeba mbolea. Meneja wa shamba alikigeuzageuza kile kitu, akasema si spea, akichukue akipeleke anakotaka.

Jioni Walubengo alikiweka juu ya meza mbele ya mkewe. Kilikuwa kisanduku cheupe cha plastiki chenye kifuniko chekundu kilichokolea kama ini. Ubavuni, kila upande, kulilazwa kimkono kidogo chenye vitufe, na kila kimkono kilikuwa na waya wake ulioingia nyuma ya kisanduku. Juu kulichomekwa kaseti moja ya mchezo wa televisheni.

"Karani," alisema. Ndivyo alivyomwita akiwa na furaha. "Hebu nisomee hapa chini."

Lenah Nekesa alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali ya mifugo mjini Kitale, na kusoma maandishi mabaya ya watu wengine ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliinua kisanduku hadi kwenye mwanga.

"Volti kumi," alisema. "Miliampia mia nane hamsini. Hii ingine ni Kijapani, siwezi."

"Na hii ndugu yake ya kuchomeka kwa ukuta?"

"Hiyo inasema volti mia moja."

"Mia moja na mia mbili arobaini ya ukuta si wanajuana?" alisema Walubengo. "Trekta ukizidisha moto, taa inawaka zaidi, basi."

Akachomeka. Adapta ilinguruma kama nyuki ndani ya chupa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Nyumba ilinuka plastiki iliyoungua hadi Jumapili. Walubengo alicheka mpaka akashika kiti. Lenah alifungua dirisha, akamwambia kwamba siku nyingine akiambiwa mia moja ashike mia moja.

Wakati huo walikuwa wameoana miaka saba. Lenah alizaliwa Naitiri, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharagwe. Alisomea upigaji chapa Bungoma mjini, akaajiriwa Kitale mwaka wa 1981, na miaka mitatu baadaye akaolewa na Walubengo, mtu wa Chwele. Waliishi katika nyumba ya serikali ya vyumba viwili. Hawakupata mtoto. Walikwenda hospitali mbili, wakaambiwa hakuna anayeonekana na kasoro, wakarudi nyumbani na hawakulizungumza tena. Mama yake Walubengo, Edah, ndiye aliyelizungumza kwa niaba yao.

Adapta ilikuwa imekufa, lakini mashine yenyewe ilikuwa nzima. Aliyethibitisha hivyo alikuwa Kinyua, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya mabasi. Aliifungua skrubu, akaitazama bodi ya ndani kwa muda mrefu, akaifunga. Kisha akawaeleza ilivyo, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma hati ya mauzo ya ng'ombe.

Ubongo wake, alisema, ni wa biti nane, unapiga karibu mara milioni moja na laki nane kwa sekunde. Inakula umeme kidogo kuliko redio kubwa. Ukiipa volti kumi na mbili za betri ya trekta itakubali, kwa sababu ndani kuna kichuma chenye miguu mitatu kinachopunguza umeme hadi tano, ila kichuma hicho kitapata joto na kinahitaji kipande cha bati cha kukipooza. Picha inatoka kwa masafa ambayo televisheni za Kenya hazishiki, kwa hivyo atavuta waya kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi ndani ya televisheni. Kule Japani picha inachorwa mara sitini kwa sekunde, huku ni hamsini, kwa hivyo mwanzoni itapanda juu kama maji yanayochemka, mpaka mtu azungushe kifundo cha nyuma. Rangi haitapatikana.

"Televisheni yetu haina rangi," alisema Lenah.

"Basi hamtapoteza kitu."

"Na kumbukumbu? Inaweka kiasi gani?" Aliuliza kwa sababu ofisini kwao kulikuwa na maneno kwamba taipureta za umeme zenye kumbukumbu zilikuwa njiani.

"Ya kufanyia kazi? Kama herufi elfu mbili."

"Hiyo ni ukurasa moja ukiruka mistari."

"Ukurasa moja," alikubali Kinyua. "Na ukizima, karatasi inarudi nyeupe. Haina mahali pa kuficha kitu, Mama. Mchezo wenyewe unakaa kwa kaseti, huo haupotei. Lakini penye mmefika, hiyo inaenda."

Walubengo alifanya kama alivyoambiwa. Alileta nyumbani betri ya trekta iliyostaafu, bado nzuri, akaiweka ndani ya kreti ya soda chini ya meza, akaikatia mashine bati la kupooza kutoka kwenye kava ya injini. Umeme wa ukutani ulichaji betri. Betri iliendesha mashine na televisheni. Umeme wa mtaa ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, kwao mchezo uliendelea. Cheptoo, jirani yao, alikuja mara moja akatazama, akasema sasa ameona kila kitu: watu wazima wawili, mishahara miwili, wanapigana na madoa.

Mchezo ulikuwa wa vifaru vya vita. Chini kabisa katikati ya kioo kulikuwa na nyumba ndogo iliyozungushiwa ukuta wa matofali. Vifaru vya adui vilishuka kutoka juu, na vifaru viwili vya wenyeji, kimoja cheupe na kimoja cha kijivu, vililinda nyumba. Kila kimoja kilikuwa na uhai wa mara tatu. Huenda kule Japani vilikuwa vya njano na kijani, au bluu na nyekundu. Waliwahi kubishana juu ya hilo, kisha wakaliacha, kwa kuwa hakukuwa na wa kumuuliza.

Cheupe kilikuwa cha Walubengo. Cha kijivu kilikuwa cha Lenah, na kiliendeshwa kwa mkono wa pili.

Mikono hiyo miwili haikulingana. Mkono wa kwanza ulikuwa na vitufe viwili vidogo katikati, kimoja cha kuchagua na kimoja cha kuanza na kusimamisha. Mkono wa pili haukuwa navyo. Mahali pavyo waundaji walikuwa wameweka kipaza sauti kidogo, chenye matundu kama ya kichujio cha chai. Mtu akikisemea, sauti yake ilitokea kwenye televisheni. Kwa hiyo aliyeshika wa kwanza ndiye aliyeamua mchezo uanze lini na usimame lini, na aliyeshika wa pili alipewa nafasi ya kusema.

"Si umeona?" Walubengo alimwambia siku ya kwanza. "Wajapani wanajua nyumba. Mimi nasimamisha, wewe unaongea."

"Naongea na nani?"

"Na adui. Watukane."

Lenah hakutukana mtu. Alichosema kwenye kipaza sauti, kwa miaka mitatu, kilikuwa hasa "kushoto", na mara nyingine "kushoto, bana, umelala?"

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka wa 1994 walikuwa wanacheza baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Walikuwa wamefika mbali kuliko siku zote na Walubengo alikuwa ameinama mbele kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka. Ndipo Kiplangat, msimamizi wa shamba, akapiga honi nje. Trekta ilikuwa imezama kwenye matope ikiwa na trela ya mbolea, na mvua haikuwa na dalili ya kukoma.

Walubengo alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Vifaru vyote viliganda vilipokuwa. Akazima televisheni ili kuokoa betri, akaacha mashine imewaka.

"Usiguse," alisema. "Tukirudi tunamaliza hawa."

"Nani atagusa? Wangu hauna kitufe."

"Ndiyo maana nakuamini," alisema, akavaa koti la mvua, akatoka.

Pikapu ilipinduka kwenye mteremko kabla ya kufika shambani. Ilikuwa pikapu ileile ya Kijapani. Kiplangat alivunjika mkono. Walubengo alifia njiani kuelekea hospitali.

Waliokuja kumpa Lenah habari walijiandaa kumshika asianguke. Hakuanguka. Aliwauliza kama wamekula, akawasha jiko. Wakati maji yalipokuwa yanachemka aliinama chini ya meza, akagusa kichuma cha mashine kupitia bati, akaona kina joto la kawaida, akarudi jikoni. Cheptoo alikuja, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Lenah alisimama ndani ya mikono yake kama kanzu iliyoanikwa. Alikuwa anafikiri kwamba chai ingemwagika.

Hakuna aliyemwambia aiache mashine ikiwaka, na yeye hakujiambia. Hakuizima tu. Watu walijaa nyumbani, wakasogeza viti, wakaweka televisheni chumba cha kulala. Mashine na betri vilibaki chini ya meza, nyuma ya kitambaa cha meza. Aliongeza maji kwenye betri. Alifuta chumvi nyeupe iliyoota kwenye vichwa vyake. Siku ambayo umeme wa mtaa ulikatika tangu asubuhi hadi jioni, alitembea hadi kwa Kinyua, akaazima betri nyingine, na Kinyua akaja mwenyewe kuifunga.

"Funga ya pili kabla hujafungua ya kwanza," alimwonyesha. "Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Zikishikana, ndio unatoa hii mzee. Mashine haitajua kitu."

Hakumuuliza kwa nini. Alikunywa chai, akasema pole, akaenda zake.

Maziko yalikuwa Chwele, nyumbani kwa Walubengo. Lori la shamba lilibeba jeneza, viti, sufuria na waombolezaji. Lenah alipakia kreti ya soda yenye betri, juu yake mashine ndani ya karai, ikiwa imewaka, na televisheni imefungwa kwenye blanketi. Eliakim, mdogo wake Walubengo, alimsaidia kuinua.

"Shemeji, huku hakuna stima. Hii ya nini?"

"Haihitaji stima."

"Ati haihitaji," alisema Eliakim, akaitazama taa ndogo nyekundu ambayo Kinyua alikuwa ameifunga kwenye waya. "Sawa. Wewe ndiye unajua."

Kule Chwele moto ulikokwa uani tangu mwili ulipofika, kama desturi ilivyotaka, na haukuachwa uzimike. Wanaume walikaa pembeni yake. Wanawake waliimba ndani. Lenah alikaa kwenye mkeka katika nyumba ndogo ambayo mumewe aliijenga alipokuwa kijana, na kreti ilikuwa kwenye pembe, imefunikwa leso. Waliomwangalia waliona mwanamke asiyelia. Aliyemwangalia zaidi alikuwa mama mkwe wake.

"Lenah," alisema Edah, "watu wanasema hujamlilia mtoto wangu."

"Naona hivyo, Mayi."

"Wanasema unalilia betri."

"Betri siililii. Naiangalia tu maji."

Edah akamsogezea bakuli la uji. "Kunywa," alisema. "Hata hiyo kitu yako unaipa maji."

Wakamzika Walubengo Jumamosi, kati ya migomba na kaburi la baba yake. Lenah alirusha udongo alipoambiwa arushe.

Siku ya kunyoa ilikuwa katikati ya wiki iliyofuata. Siku hiyo wafiwa hunyolewa nywele, moto wa uani huzimwa, na vitu vya marehemu huamuliwa viende wapi. Katika ukoo huo mgawanyo ulifuata kanuni iliyojulikana na kila mtu: vitu vya mwanaume huenda kwa ndugu zake, vitu vya nyumba hubaki na mjane. Mabishano, yakiwapo, huwa juu ya kipi ni cha nani.

Aliyesimamia alikuwa Mzee Wekoye, baba mdogo wa Walubengo. Alikuwa na jino lililomuuma tangu asubuhi na alitaka kumaliza mapema. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyumba ndogo, shavu moja ndani ya kiganja, na watu wakajaa ukutani na nje.

"Tuende haraka," alisema. "Cha mwanaume ni kile mke wake hakitumii. Koti."

Koti lilienda kwa binamu.

"Baiskeli. Wewe unaendesha?"

"Siendeshi, Papa," alijibu Lenah.

"Eliakim. Spana?"

Sanduku la spana liliwekwa katikati. Mtu nyuma akasema Lenah anaweza kufungulia mfuniko wa sufuria, na watu wakacheka kidogo, kwa namna ya watu waliochoka kuomboleza. Lenah alisema hafungui nati. Spana zikaenda kwa Eliakim.

"Na ile kitu," alisema Mzee Wekoye.

Leso iliondolewa. Eliakim alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amelifikiria jambo hilo vizuri. Alikuwa na kibanda cha kunyoa watu katika soko la Chwele, na siku za soko watu walisubiri zamu bila la kufanya.

"Papa, hiyo ni ya kaka. Aliitoa kwa pikapu na mkono wake mwenyewe, kila mtu anajua. Mimi nikiiweka kwa kibanda, watu watacheza, jina lake litatajwa. Leo naenda nayo kwa baiskeli. Betri ni nzito, hiyo nitakuja kuchukua wiki ijayo."

Lenah aliyasikia maneno hayo na akayapanga kama anavyopanga karatasi. Mashine leo, betri wiki ijayo. Maana yake nyaya zingefunguliwa hapa, mbele ya watu, na ukurasa ungerudi mweupe. Hata kama Eliakim angekubali kubeba vyote pamoja, kesho kwenye soko mtu angebonyeza kitufe kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Shemeji, ukiichomoa inapotea," alisema.

"Nini inapotea?"

"Penye aliacha. Aliisimamisha akienda. Bado imesimama."

Edah, aliyekuwa amekaa chini karibu na ukuta, aliinua uso.

"Kwa hivyo yuko humo?"

"Hayuko, Mayi. Ni kifaru tu."

Mzee Wekoye alihamisha shavu hadi kiganja kingine. Mambo ya vifaru hayakumhusu; kanuni ilimhusu.

"Naona mikono miwili," alisema. "Mmoja ni wa nani?"

"Huo wa kwanza ulikuwa wake. Huu ni wangu."

"Leta nione."

Lenah hakuweza kumpa mkononi. Baba mkwe na mke wa mwana hawapokezani kitu, na Mzee Wekoye, kwa desturi, alihesabiwa baba mkwe wake. Aliweka mikono yote miwili juu ya mkeka mpaka nyaya zilipofika, akarudi nyuma, na mzee akainama kuiokota. Aliivuta.

"Inatoka? Kila mtu achukue wake."

"Haitoki. Waya imeingia mpaka ndani. Haina plagi."

"Nani alitengeneza kitu kama hii?"

"Wajapani," alisema Eliakim.

"Basi haigawanyiki." Aliirudisha juu ya mkeka. "Lenah. Unaendesha?"

"Naendesha."

"Ati anaendesha," alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Hata baiskeli hajui."

"Tuonyeshe," alisema Mzee Wekoye. "Ukiendesha ni ya nyumba. Ukishindwa, Eliakim apakie twende tukanyolewe."

Lenah alipiga magoti mbele ya televisheni, akaiwasha. Kioo kilichukua muda kupata moto. Kisha picha ikaja, ikapanda mara moja, ikatulia. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa. Kifaru cheupe kilikuwa kushoto mwa nyumba ya matofali, mdomo wa bunduki umeelekea juu. Kifaru cha kijivu kilikuwa kulia. Adui walikuwa wanne, na risasi moja ilikuwa imening'inia hewani katikati ya kioo, bado haijafika ilikokuwa inakwenda.

Watu walisogea. Waliona picha isiyokwenda.

"Hiyo ni kalenda," alisema mtu, na wengine wakacheka.

Lenah aliutazama mkono wake. Ule wa pili haukuwa na kitufe cha kuanza wala kusimamisha. Kucheza ilikuwa lazima auchukue ule wa kwanza, abonyeze palepale alipobonyeza yeye. Akishabonyeza, ile Jumamosi ingeendelea bila mtu upande wa kushoto. Asipobonyeza, ingeendelea kwenye soko la Chwele, au isingeendelea. Kwa vyovyote isingekuwa imesimama jioni hii. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa kidole cha nani. Alitazama kama moyo wake unakwenda mbio, akaona unapiga kama siku zote.

Eliakim alikuwa amechuchumaa kando yake. Alinyoosha kiganja kuuchukua mkono wa kwanza.

"Shemeji, hii mimi nitashika nikusaidie. Si ni ya watu wawili?"

Nyuma, mwanamume mmoja alitoa sauti ndogo ya kukubali. Wengine walitazamana. Hakukuwa na mtu mzima humo ndani ambaye hakujua kwamba mjane wa kaka huweza kurithiwa na mdogo mtu, na kwamba hilo lingezungumzwa baadaye, pengine mwaka kesho.

"Hapana," alisema Lenah. "Iache chini."

"Lakini kile kingine kitakaa bure tu."

"Kikae."

Aliuchukua mkono wa kwanza kabla yake. Akabonyeza. Akauweka juu ya mkeka, upande wa pili wa goti lake, mbali na Eliakim, akashika wake.

Risasi iliyoning'inia ilikwenda, ikapiga tofali. Adui wote wanne walianza kushuka. Kelele za mchezo zilijaa chumba na mtoto mmoja akalia nje. Lenah aliendesha kijivu hadi kushoto, akapita mbele ya cheupe, akaangusha wa kwanza, akaangusha wa pili. Watu wakaanza kuelewa. "Huyo! Huyo wa juu!" mtu alipiga kelele. "Anakuja na nyuma!"

Cheupe hakikusogea. Adui alikipiga kikapotea, kisha kikatokea tena palepale kushoto mwa nyumba, kwa sababu bado kilikuwa na uhai.

"Huyu mwingine ni mjinga," alisema mwanamke wa mlangoni. "Anapigwa anaangalia."

"Nyamaza," alisema Edah.

Lenah alijaribu kusimama mbele yake. Haikuwezekana kulinda nyumba na kukilinda pia. Mchezo haukuundwa hivyo. Alichagua nyumba. Cheupe kilipigwa tena, kikarudi tena. Safari ya tatu kilipopigwa hakikurudi, na pale kilipokuwa palibaki peusi kama sehemu nyingine yoyote ya kioo. Mdomo wa Lenah ulikuwa karibu na kipaza sauti. Alisema "kushoto", kwa mazoea, na sauti yake ikatoka kwenye televisheni kubwa kuliko alivyotaka. Kushoto hakukuwa na wa kuisikia. Alikwenda mwenyewe, akamuangusha adui wa mwisho matofali mawili kutoka kwenye nyumba.

Watu walipiga makofi. Wengine walikuwa wamesahau walichokuja kufanya.

Kioo kilibadilika, kikaonyesha hesabu ya wote wawili, safu ya kushoto na safu ya kulia. Safu ya kushoto, ya cheupe, ilikuwa ndefu zaidi. Ilikaa kidogo, ikaondoka, na hatua mpya ikaanza ikiwa na kifaru kimoja.

"Inatosha," alisema Mzee Wekoye. "Anaendesha. Ni ya nyumba. Simamisha twende."

Lenah alikuwa bado ameshika mkono wa pili. Adui walianza kushuka. Hakuuchukua ule mwingine ili kusimamisha. Aliuweka wake chini, sambamba nao, akainama kwenye kreti.

"Shemeji," alisema, "niazime spana. Ile ya kumi na tatu."

Eliakim alifungua sanduku lililokuwa lake tangu dakika chache zilizopita, akatafuta, akampa. Lenah alilegeza kichwa cha hasi kwanza, kama Walubengo alivyokuwa akifanya sikuzote, ili spana isiguse chuma ikatoa cheche. Akakiinua. Picha ilijikusanya katikati ya kioo ikawa nukta, na nukta ikafa. Aligusa kichuma kwenye bati. Kilikuwa bado na joto.

Alifuta spana kwa leso, akairudisha.

Nje walikuwa wanamwaga maji kwenye moto. Edah alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, amefunua kichwa, na aliyeshika wembe alikuwa anamsubiri wa pili. Lenah alivua kitambaa, akakaa nyuma yake.

"Umeizima?" aliuliza Edah bila kugeuka.

"Nimeizima, Mayi."

"Haya. Inamisha kichwa."

Akainamisha.